Sita na Tisa

Siku mliyoniaga kazini nilihesabu sahani kwa sauti. Nilipofika "saba, nane, kenda," Ornella akaangua kicheko na ninyi nyote mkamfuata. Kenda! Neno la bibi zetu! Mmenicheka kwa neno hilo miaka nenda miaka rudi, wala sikuwahi kuwajibu. Sasa niko nyumbani kwangu, mtaa wa Buyenzi, muda ninao hadi unanichosha, basi nitawajibu. Vyeo na mishahara msivitafute humu. Vyeo nilivipata kwa sababu wenzangu walikimbia nchi, na mishahara ya biro yetu, ofisi ile, mnaijua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza niliambiwa nihesabu viti. Biro ilikuwa mtaa wa Quartier Asiatique, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Kampuni au shirika likitaka kijana aliyetoka chuo kikuu, lilituachia sisi kazi ya kuchuja. Asubuhi vijana waliandika mtihani. Baadaye tuliwaweka kumi kwenye meza moja, tukawapa jambo la kuamua pamoja kwa dakika arobaini, na wakubwa watatu wakakaa ukutani kuandika nani anaongoza, nani anasikiliza, nani amekuja kupasha kiti moto. Hayo yote mnayafanya leo na kompyuta zenu. Sisi tulikuwa na saa ya mezani, kengele ya mkono, chaki, jagi la maji na fishi, yaani karatasi za alama, moja kwa kila kijana.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani, karani mkuu, mtu wa Buyenzi kama mimi, mwenye kofia nyeupe na mdomo mkali. Alinionyesha mahali pa kuweka jagi: katikati ya meza, mbali na kila mtu.

"Juu ya nini mbali, Mzee?"

"Mutu akiwa na kiu atamuomba mwenzake. Angalia vile anaomba. Wakubwa wanaandika maneno, sisi tunaangalia maji."

Niliona ni mzaha wa wazee. Baada ya mwaka mmoja niliweza kukwambia kabla ya kengele nani atachukuliwa, na wakubwa mara nyingi walinifuata bila kujua.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kimya. Yule aliyebuni zoezi hili huko alikotoka hakuwajua vijana wetu. Uwaweke Warundi kumi mezani uwaambie wajadiliane, kitu cha kwanza wanachotafuta ni nani mkubwa wa umri afungue mazungumzo. Nimeona dakika nane nzima zikipita wakitazamana vipara! Safari moja kijana mmoja alisimama, akamsalimu kila mtu, akauliza habari za nyumbani, akaomba ruhusa ya kusema, akashukuru kwa kupewa ruhusa, na alipofungua mdomo aseme lake nikapiga kengele. Mzee Ramadhani alitoka nje kwenda kucheka.

Kwa hiyo tukaanzisha mafunzo ya Jumatano mchana, na mafunzo hayo nikapewa mimi. Niliwaambia hivi, na hata leo ningewaambia hivyohivyo: usiwe wa kwanza kusema kama huna la kusema, lakini usingoje mkubwa, mezani pale hakuna mkubwa. Saa iangalie wewe, usimwachie mwenzako. Ukimwona mtu hajasema, mwulize yeye. Ukiomba maji, mmiminie na jirani yako.

Kisha vita vikaingia mjini, na kazi ikabadilika sura. Zamani kila kijana aliweka mbele yake kibao chenye jina. Siku hizo jina lako, kilima ulichozaliwa, hata namna unavyotamka neno, vingeweza kukupa kazi au kukupeleka kaburini. Tukaondoa majina. Nikakata kadi za boksi, nikaandika namba kwa rangi nyeusi, moja hadi kumi, nikatia pini za nepi. Orodha ya namba na majina Mkurugenzi aliifungia kwenye mtoto wa meza yake na hakuifungua mpaka namba iliyoshinda iwe imeandikwa. Na kwa kuwa sita ikigeuzwa ni tisa, nilipiga mstari mnene chini ya zote mbili. Nilijiona mjanja sana. Macho niliyakinga. Masikio sikuyafikiria.

Wakati huohuo nyumba yangu ilikuwa inapungua. Mume wangu aliwavusha watoto wetu wawili kwenda Kigoma kwa dada yake, akasema atarudi baada ya mwezi. Hakurudi. Kwanza barua zilikuja na salamu, kisha zikaja bila salamu, kisha nikasikia kwa watu kwamba ameoa huko. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi. Niliamka, nikatembea kwa miguu hadi Asiatique, nikawapanga watu ambao sikuruhusiwa kuwajua majina, nikarudi kabla ya saa ya kufungiwa ndani, nikapika kikombe kimoja cha mchele. Kuna majuma ambayo neno refu kuliko yote nililoambiwa na mtu lilikuwa "Mama, choo iko wapi?" Nilikuwa mpweke, sina haya kulisema. Jumatano ndiyo iliyokuwa siku yangu.

Na Jumatano ndiyo iliyomleta Espérance. Alitoka mtaa wa Kamenge, alikuwa amemaliza uchumi chuoni, msichana mrefu mwenye sauti nzito iliyokuwa ikimtangulia mlangoni. Kwao palichomwa. Wazazi sikumwuliza, naye hakunisimulia. Alikuwa na wadogo zake watatu, wamejibanza kwa mtu huko Ruziba, kando ya ziwa, wote kwenye chumba cha kuwekea nyavu. Shirika moja lilikuwa linatafuta mtu mmoja wa kupanga misaada ya mbegu, na kazi ile ilikuja na nyumba ndogo mjini.

"Mama Zaina," aliniambia, maana alijua jina la binti yangu, "mwenye nyumba ametupa mpaka mvua iishe. Kisha hapo sijui. Hii kazi, mi sina ingine."

"Basi usiombe kazi kwa macho namna hiyo," nikamwambia. "Wataona njaa, hawataona akili."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kujaza chumba, na chumba changu kilikuwa na nafasi.

Siku ya zoezi alivaa namba tisa. Jambo lenyewe lilikuwa hili: lori moja la mbegu za maharagwe, vilima vinne, barabara imekatika, mvua inakuja, nani apate kwanza. Vijana wakaanza kutazamana vipara. Espérance akainuka taratibu, akachukua chaki, akachora barabara ubaoni, akasema, "Namba mbili hajasema, na mi naona anajua hii njia. Tumusikilize." Namba mbili alikuwa msichana mwoga kama kifaranga. Akasema, na kweli njia aliijua. Tangu hapo meza nzima ilikwenda kwa mwendo wa Espérance bila mtu kuhisi kuongozwa. Mimi mtunza saa sikuwa na haki ya kutoa alama. Nilitazama jagi tu. Alimimina glasi nne kabla ya yake.

Saa nane mchana wakubwa walikabidhi fishi wakaondoka mbio, kwa sababu milio ilikuwa inasikika upande wa kaskazini na minibasi zilikuwa zimeanza kugeuza njia. Mvua nayo ikaangukia mabati kana kwamba imetumwa. Tulibaki wawili, Mzee Ramadhani na mimi, kujumlisha. Wakubwa waliandika kwa Kifaransa, lakini sisi wawili tulizungumza lugha yetu. Yeye alijumlisha kule dirishani penye mwanga, mimi niliandika huku mezani.

"Wa kwanza?" nikapaza sauti.

"Tisa!"

"Sita?"

"Eeh, tisa!"

"Na wa akiba?"

"Mbili!"

Nikaandika: wa kwanza, 6. Wa akiba, 2. Ndiyo hivyo tu. Nilirudia kama ilivyo desturi, naye akanikubalia kama ilivyo desturi, na kila mmoja alisikia lake. Kwa Kifaransa kosa hilo halifanyiki. Six na neuf hazifanani hata ukiwa kiziwi. Kwa Kirundi halifanyiki. Lilitungoja sisi wawili, watu wa Buyenzi tunaojisifia Kiswahili chetu. Na bibi yangu asingelifanya kamwe, maana yeye tisa hakuijua, alisema kenda. Sasa mmejua. Chekeni tena kama mnaweza.

Kesho yake jina lilipotoka halikuwa la Espérance. Lilikuwa la namba sita, kijana mmoja mpole, Déogratias. Nilishangaa tangu nilipoandika ile sita, moyo uliniuma, lakini nikajiambia wakubwa wameona nisichokiona. Mtu mdogo kazini ana ugonjwa huo, anadhani kila jambo lisiloeleweka lina mkubwa anayelielewa.

Majuma matatu yakapita. Nilikuwa natoboa zile fishi nizifunge kwenye dosye, faili la siku ile, kwa uzi. Namba tisa ilipofika mkononi nikaona jumla yake. Nikaitazama namba sita. Nikazirudia zote kumi. Nikaweka kitoboleo chini.

Nilimpelekea Mzee Ramadhani. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Hao ni watu wengi mno, binti yangu."

"Tumwambie Mkurugenzi."

"Tumwambie nini? Kijana amekwisha kuanza kazi, amekwisha kuingia nyumba. Umtoe? Shirika likisikia, halitaleta kazi tena hapa. Biro itafungwa. Wewe utakula wapi? Maji yamemwagika, Mwajuma. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba namhurumia Déogratias. Si kweli. Niliogopa kupoteza mahali pekee palipokuwa panajua kama nimeamka. Mwezi uliofuata Mzee Ramadhani naye alifunga mizigo akaenda Ujiji kwa wanawe. Nilimsindikiza hadi bandarini. Alinishika mkono, akasema, "Nisamehe," na sikujua anaomba msamaha wa nini, wa lile au wa kuniacha nalo. Kuanzia siku hiyo siri ilikuwa ya mtu mmoja.

Déogratias alikuja bironi siku moja na Fanta mbili baridi, moja ya Mkurugenzi na moja yangu, kushukuru. "Bila nyinyi, Mama, mi ningekuwa wapi?" Alikuwa kijana mzuri, ndilo lililoniumiza zaidi. Ile chupa niliiweka chini ya meza. Nilimpa mama wa duka la vitenge jioni, nikamwambia tumbo linanisumbua.

Lakini kosa la masikio silo lililonifanya niandike. Kuteleza si kuanguka. Nilianguka Jumatano moja, mchana kweupe, nikiwa nimekaa.

Espérance alikuwa bado anakuja mafunzoni. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Siku hiyo alisubiri wenzake watoke, akakaa mbele yangu.

"Mama Zaina, niambie tu. Nilikosea wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja tu! Hata kama ni uongo, ni uongo usiovunja kitu. Lakini alinitazama kama mtu anayetazama daktari, nami nikaona lazima nitoe dawa. Nikasema:

"Ulisema mno."

"Mi?"

"Ulishika chaki mapema. Ukamsemesha hata namba mbili. Wakubwa hawapendi msichana anayejiweka mbele. Safari ijayo tulia. Sikiliza."

Aliandika. Wallahi, alitoa daftari akaandika, akapiga mstari chini. Akanishukuru. Akasema kwamba mimi ndiye mtu pekee mjini anayemwambia ukweli.

Safari ijayo ilikuja baada ya miezi mitatu. Kampuni ya dawa ilitaka mtu wa ghala. Mvua zilikuwa zimekwisha, mwenye nyumba wa Ruziba alikuwa amewaongezea siku, na siku zenyewe zilikuwa zinahesabika. Espérance alivaa namba nne. Nilimbandika mwenyewe, na pini ikamchoma kidogo. "Si kitu, Mama," akasema.

Aliketi, akaweka mikono katikati ya magoti. Vijana wakaanza. Dakika tano, hakusema. Dakika kumi. Kijana mmoja mpayukaji alishika chaki akaanza kuwapeleka wenzake porini, akigawanya mahali pa kuzidisha, na mimi niliyeishia darasa la kumi nililiona kosa. Espérance aliliona kabla yangu. Niliona midomo ikifunguka. Kisha akanitazama mimi, si meza, si wakubwa, mimi, kama mtoto anayeuliza kwa macho: niseme?

Mtunza saa haruhusiwi kutikisa hata kichwa. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Niliangalia saa.

Akafunga mdomo. Alikaa hivyo dakika ishirini na tano zilizobaki. Hata maji hakuomba. Mkubwa mmoja aliinama kwa mwenzake akanong'ona, na nikamwona akichora kwenye fishi ya namba nne mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini. Nikapiga kengele. Sijawahi kupiga kengele nikaichukia sauti yake namna ile.

Nilipotoka nikamkuta ananisubiri kwenye ngazi. Uso umechangamka.

"Mama! Leo umeona? Sikusema hata kimoja!"

Niliketi pale pale kwenye ngazi. Wateja wa vitenge walikuwa wanapita chini, wanapatana bei.

"Espérance, mwanangu, kaa hapa."

Nilimwambia yote. Mvua, dirisha, sita na tisa. Nilimwambia kwamba nilijua kwa miezi mitatu na zaidi. Nilimwambia kwamba lile la kusema mno nililitunga mimi, pale pale, ili anyamaze asiniulize tena. Sikulia, nilijizuia, niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Kisha akauliza jambo nisilolitegemea.

"Kumbe mi nilikuwa wa kwanza?"

"Ulikuwa wa kwanza."

"Kati ya wote kumi?"

"Kati ya wote kumi. Na kwa mbali."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

"Nataka kuiona," akasema.

Dosye hazitoki bironi, hata ninyi mnajua. Nilipanda juu, Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, nikafungua kabati, nikalegeza uzi nikatoa fishi namba tisa. Niliishusha ndani ya kitenge changu kama mwizi wa sokoni. Espérance aliisoma amesimama. Mmoja wa wakubwa alikuwa ameandika chini, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba huyu anaongoza bila kumsukuma mtu na kwamba wasimwache apite. Alisoma mstari huo kwa sauti, akausoma tena polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kazi mulinikosesha, sawa, hiyo ni mvua," akasema. "Lakini kunyamaza, Mama Zaina. Kunyamaza ni we ulinifundisha."

"Ni mimi."

"Na leo, mule ndani, nilikuangalia."

"Niliona."

"Na ukaangalia saa."

"Ndiyo. Nikaangalia saa."

Alikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani, akashuka ngazi. Hakuniaga, na alikuwa na haki. Wiki iliyofuata nilikwenda Ruziba kwa miguu nikauliza nyumba kwa nyumba. Mwenye chumba cha nyavu aliniambia yule dada mrefu alichukua watoto wakaondoka asubuhi, hakusema wanaelekea wapi, ila alikuwa anaongea njia nzima.

Nilirudi nikaandika barua kwa Mkurugenzi, nikaeleza kila kitu isipokuwa karatasi iliyopotea. Aliisoma, akairarua, akasema nina homa, nikapumzike. Nikabaki kazini miaka mingine mingi. Kijana akiniuliza amekosea wapi nami sijui, namwambia sijui. Wengine walikasirika, na mkaniita mama mkavu.

Dosye ile bado iko kabati la tatu, rafu ya chini, uzi wa kahawia. Mkiifungua mtaona fishi zimepangwa vizuri, moja hadi nane, kisha kumi. Msiitafute iliyokosekana. Mwenyewe alikuja kuichukua.